Jumamosi Baada ya Kutolewa

Tarehe ya harusi aliichagua mume wangu Lachlan mwenyewe. Mairi, binti yetu wa pekee na ndiye bibi harusi, alimwuliza siku gani hatakuwa na mechi, maana siku ya mahafali yake baba alikuwa Oslo akiishangilia Uskoti, na alipolazwa hospitali baba alikuwa Budapest. Mume wangu akacheka hadi akakohoa.

"Weka Jumamosi baada ya hatua ya makundi ya mashindano ya Ujerumani, mwanangu. Sisi tutakuwa tumeshatolewa, kama kawaida yetu!"

Usimcheke peke yake. Nchi nzima ndivyo tulivyo. Hatujawahi kuvuka makundi, na kila shabiki anayesafiri hukata tiketi ya kurudi kesho yake ya mechi ya tatu. Hata mimi niliona ni sawa. Mchungaji wa mji wetu, Oban, naye akaona sawa, ukumbi wa hoteli ukakodiwa.

Basi tukaenda Ujerumani. Cologne tukafungwa, Lachlan akaimba kutwa mbele ya kanisa kuu, kilti yake, ile sketi ya wanaume wa kwetu, imelowa bia. Frankfurt tukatoka sare. Stuttgart, dakika za nyongeza, mchezaji wa akiba akausukuma mpira kwa goti, ukaingia wavuni. Wee! Tumevuka makundi! Watu wazima walilia, wasiojuana wakakumbatiana. Mimi pia niliruka, Mungu anisamehe. Kisha nikakumbuka, nikamgeukia mume wangu. Hakunitazama.

Alinikwepa hadi tulipofika kwenye kibanda cha soseji.

"Mechi ni Jumamosi, Dortmund," alisema, macho kwenye soseji yake.

"Harusi ni Jumamosi, Oban."

"Senga, hebu sikia. Si wasogeze tu mpaka Jumapili?"

"Wasogeze nini, Lachlan? Meza?"

"Nimelisubiri hili tangu utotoni!"

"Na Mairi amekusubiri wewe tangu azaliwe. Mwambie mwenyewe. Simu unayo."

Hakupiga. Dougie, rafiki yake wa safari zote, akajitia kuchekesha. "Shemeji, siku hizi mabinti huolewa hata mara mbili. Lakini hatua ya mtoano, utaiona tena lini?" Nilichukua bia yake nikaimwaga kwenye viatu vyake. Lachlan alimwomba radhi Dougie, si mimi.

Alhamisi nikarudi peke yangu. Mume wangu aliapa angekuja Ijumaa. Ijumaa ilipofika akatuma ujumbe: ndege zimejaa. Zimejaa! Niliyopanda mimi ilikuwa karibu tupu, maana wenye tiketi wote walibaki kulekule na kilti zao. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mairi hakulia. Mlangoni mwa kanisa alitazama barabara kwa muda, mchungaji akisubiri. Kisha akanishika mkono. "Twende mama, utanipeleka wewe."

Jioni ukumbini, wageni waliichungulia televisheni ya baa kama wezi. Nilitaka izimwe. Mairi akasema waachwe waangalie. Tulifungwa manne kwa bila.

Kipenga cha mwisho kilipolia, kamera ikapita kwenye jukwaa letu, ikasimama kwa mwanamume mmoja aliyeshika kichwa. Lachlan wangu! Alikuwa akilia kwa kwikwi, kamasi zinamtoka. Mtu yule nimekaa naye maisha yangu yote ya utu uzima. Mama yake alipokufa hakutoa hata chozi. Mairi alipozaliwa alisema tu, "Mtoto mzuri," akaenda kutafuta chai.

Mairi, na gauni lake jeupe, alisimama mbele ya televisheni mpaka picha ilipobadilishwa.

"Kumbe baba hulia," alisema.

Haukupita muda simu yangu ikaita. Nilimwonyesha jina la baba yake, nikamnyooshea simu. Hakuipokea.

"Mpe pole zangu, mama," alisema. "Na umwambie asiharakishe kurudi."