Nyasi za Mkaza Mwana

Mtaani kwao hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Burulcha amepanda majani ya ng'ombe mbele ya nyumba ya mama mkwe wake. Hata ambao hawajayaona walikuwa wameshacheka. Na tusiwalaumu sana. Huku kwetu Naryn, milimani kwa Wakirgizi, chii humea yenyewe mabondeni, kwenye chumvi na upepo, nyasi ndefu kumzidi mtu, na kazi yake inajulikana: baridi ikikaribia wanawake huikata, huyamenya mabua, huyafuma yakawa mikeka ya kuzungushia hema. Sasa mtu aipande uani, aimwagilie maji, kisha akae kuitazama? Si bora anunue mawe.

Kushoto kwa lango zilikuwa dalia za mama mkwe, Bi Zuurakan. Nyekundu, zambarau, kubwa kama sahani, kila moja imefungwa kijiti zisije zikaanguka kwa uzito wa majivuno. Usiku wa jalidi Bi Zuurakan alizifunika blanketi, na asubuhi akazifunua mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine. Kulia ndiko zilikosimama chii za Burulcha, zimeshiba, vishungi vyake vimepauka, na upepo ukipita zinalala zote pamoja na kuinuka zote pamoja.

"Burulcha wee!" jirani yao Kalicha alikuwa akipaza sauti dirishani. "Malisho yameiva. Mbuzi wanakuja lini?"

"Nakungoja wewe, dada, ufungue zizi," Burulcha akajibu, macho chini na sauti ya chini kama ipasavyo mkaza mwana. Hapo kosa la adabu halikuonekana, ila Kalicha alilifunga dirisha.

Tangu aolewe katika nyumba ile, Burulcha hakuwa amechagua kitu. Pazia alilikuta. Chumvi ya mchuzi ilipimwa na mama mkwe. Mumewe, Emil, dereva wa lori, alikuwa mtu mpole, na upole wake wote uliishia kwenye maneno mawili: "Mama anajua." Basi mwaka mmoja Bi Zuurakan alipokwenda malishoni mlimani kwa majira ya joto, Burulcha akaenda kwao, kwenye bonde kavu alikozaliwa, akarudi na mashina ya chii ndani ya gunia. Akayapanda. Alitaka kitu kimoja tu ambacho akitoka mlangoni asubuhi atasema: hiki nimekichagua mimi.

Bi Zuurakan aliporudi hakusema neno. Lakini kunyamaza kwake kulikuwa na meno. Nyasi zikakua, zikawa vichaka, na mwaka huu, posa ya binti yake Nuriza ilipokubaliwa, na upande wa bwana harusi ukatuma habari kwamba wanakuja kupanga harusi, ndipo alipolitoa lililokuwa moyoni.

"Uwanja mmoja hauwi na nyuso mbili. Mfereji nao hauna maji ya kunywesha wote. Wageni wakishaondoka, upande mmoja unang'olewa."

Hakusema upande gani. Hata paka alijua.

Wageni wakafika, mbele yao Bi Anarkan, mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia kondoo, fundi wa kufuma anayejulikana hadi wilaya ya tatu. Bi Zuurakan akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye dalia.

"Nzuri," alisema Bi Anarkan. "Ninazo kama hizi."

Kisha upepo ukapita, akageuka. Akaingia ndani ya chii mikono mbele kama mtu anayeingia mtoni, akavunja bua moja, akalipitishia ukucha wa kidole gumba toka shina hadi ncha.

Bi Zuurakan aliona haya mpaka masikioni. "Utusamehe kwa hilo pori, mkwe. Mambo ya vijana. Wiki hii tunaling'oa."

Burulcha alisikia, akaendelea kubeba boorsok, maandazi madogo ya kukaangwa, maana wageni hawali machozi.

Walipoketi, alikaa mahali pake, mwisho wa kitambaa cha chakula, kando ya birika, akimimina chai kwenye vibakuli. Alimimina nusu nusu. Nusu ni kumwambia mgeni: kaa, nitakuongeza. Kibakuli kikijaa, umemwambia ainuke aende zake, na hakuna mtoto wa Kirgizi asiyelijua hilo.

"Mkwe, nina neno dogo," Bi Anarkan akaanza. "Yale mabua. Siku hizi mabondeni mifugo imemaliza kila kitu. Nahangaika kutwa nzima, narudi na kifungu cha kufukuzia kuku. Maadamu mnang'oa, kesho nawaleta wanangu na mundu, tukate yote. Nitamfumia bibi harusi mkeka wa pambo, mwaka mzima watu wausimulie."

Ombi la heshima, na zawadi juu yake. Nani angelikataa? Bi Zuurakan alikuwa ameshafungua kinywa kusema chukua.

Burulcha alikuwa anammiminia mgeni. Chai ikafika nusu, ikapita. Hakupanga, mkono ndio uliokataa kusimama. Ikapanda, ikafika ukingoni, ikatetemeka pale bila kumwagika, naye akakisukuma kibakuli taratibu mpaka mbele ya Bi Anarkan.

Jikoni, Nuriza aliyekuwa akichungulia alidondosha kijiko. "Yallah, harusi yangu!"

Bi Anarkan akakitazama kibakuli. "Haya. Naona nimeagwa."

Hakuna aliyetafuna. Bi Zuurakan alimgeukia mkaza mwana wake, akangoja ainamishe kichwa na kuomba radhi kama alivyofanya mara zote, kwa sahani iliyovunjika, kwa mkate uliochelewa. Burulcha alikuwa amepauka kama unga, mkono ungali kwenye birika. Kichwa hakuinamisha.

Wakatazamana. Halafu Bi Zuurakan akanyoosha mkono, akakichukua kile kibakuli toka mbele ya mgeni.

"Hiki ni changu, mkwe. Mkono umepotea njia tu. Anayefukuzwa hapa ni mimi, kwa maneno yangu ya kung'oa." Akainywa chai yote, moto vile vile, mpaka macho yakamtoka machozi, na watu wasijue ni ya chai au ya nini. "Mimi dalia yangu ya kwanza niliipanda mama mkwe ameshazikwa. Kabla ya hapo uwanja wote ulikuwa viazi. Nilikuwa nataka maua nikanyamaza, miaka nenda miaka rudi. Nilidhani ndiyo adabu." Akakiweka kibakuli chini. "Mkaza mwana, mgeni anaomba nyasi. Nyasi ni zako. Mjibu."

Burulcha hakuwahi kuulizwa kitu mbele ya wageni. Katikati ya hofu akaona furaha inampanda kifuani kubwa kuliko yeye.

"Hapana, mama," alisema, na sauti ikatoka nzima. "Sikuzipanda zikatwe. Nilizipanda zitazamwe. Maua yote yakishalala, hizi zitakuwa zimesimama ndani ya theluji. Njooni siku hiyo mzione."

Bi Anarkan alimkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza. "Nimenyimwa! Nimefungasha zawadi, nimenyimwa, tena na anayemimina chai! Mkwe, binti aliyelelewa nyumba hii namtaka leo hii, nisimpoteze. Na wewe, masika nipe shina moja nikapande mlangoni kwangu."

"Nitakupa mawili," alisema Burulcha, akammiminia chai. Nusu.

Theluji ilipoyeyuka, mtaa mzima ulishuhudia. Mashina ya chii yaligawanywa, yakapandwa pande zote mbili za lango, na dalia zikahamia chini ya dirisha la jikoni, anapokaa mwenye dalia kumenya viazi. Bi Zuurakan alikuwa amepiga magoti udongoni, mizizi ya dalia imejaa kwenye aproni.

"Hapa?" aliuliza.

Burulcha alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni, jicho moja amelifumba anapima. Akajibu kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya nne:

"Hapana, mama! Sogea kushoto kidogo!"

Bi Zuurakan akasogea kushoto.