Bendera Ikiwa Bado Hewani

Kwa bendera ya taifa Mwalimu Muganyizi hakuwa na masihara hata chembe. Miaka ishirini ya ualimu mkuu, na kila asubuhi mlingotini alisimama kama amepigiwa msumari. Aliwahi kuwarudisha wanafunzi mia sita mstarini na wimbo ukaimbwa upya, kisa mmoja wao alijikuna alipoumwa na mbu. Sasa amestaafu, anaishi Igoma, na ukaidi wake hakuuacha ofisini.

Ukaidi huo ndio uliomtenga na Prudencia, binti yake wa pekee. Miaka miwili iliyopita Prudencia alipata mimba ya Mayala, fundi wa kuchomelea mageti mtaa wa pili tu, kabla ya posa wala kanisa. Mzee akasema hataki kumwona tena. Tangu hapo, kila wakikutana binti humwamkia, naye hupita kimya. Hebu fikiria, kutoitikia shikamoo ya mwanao wa kumzaa! Kisha anafika nyumbani, anakitazama chakula, anashindwa kula.

Jumapili, baada ya misa, akasikia kuwa Mayala amepata kazi Mpanda, na Jumatano alfajiri familia nzima inapanda basi stendi ya Nyegezi. Mzee alijua fika kwamba wakiondoka hivi hivi, ndiyo basi tena. Jumatatu akavaa koti, akaghairi. Jumanne jioni akalivaa tena, akatoka, akijidanganya kuwa anakwenda kununua betri za redio.

Mbele ya kituo cha polisi wakakutana uso kwa uso. Prudencia alikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa dagaa wa safari mkononi.

"Shikamoo baba."

Mzee akafungua mdomo. Haki ya Mungu, safari hii alitaka kuitikia. Filimbi ya kushusha bendera ikalia.

Barabara nzima ikatulia. Bodaboda wakazima pikipiki, muuza karanga akaganda na ungo wake kichwani. Korongo mmoja tu, asiyejua serikali, aliendelea kutembea mtaroni. Mwalimu akajikuta mikono imenyooka ubavuni na mdomo umefumba, na hatua moja mbele yake binti amesimama wima, vilevile alivyomfundisha yeye mwenyewe.

Akamtazama kwa jicho la pembeni. Amekonda. Bendera ilishuka taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mzee akaomba kamba ikwame. Filimbi ya pili ikilia, Prudencia, aliyekwisha kuzoea kunyimwa jibu, angeshika njia yake.

Mtoto yeye hakuganda. Alichungulia begani kwa mama yake, akaziona ndevu nyeupe za mzee, akanyoosha mkono. Haukufika. Akanyoosha tena, akiguna kwa bidii. Machozi yakamlenga mzee. Ndipo Mwalimu Muganyizi, yule yule wa mbu, akafanya jambo ambalo wanafunzi wake wasingeliamini hata wangeapiwa: akainama, bendera ikiwa bado hewani, akampa mtoto kidole.

"Baba," Prudencia akanong'ona kwa hofu, "bendera."

"Najua," akasema. Hakukitoa.

Filimbi ya pili ikalia, watu wakaanza kutawanyika. Askari mmoja kijana akavuka barabara, uso ameukunja.

"Shikamoo mzee. Samahani, lakini mtu mzima kama wewe unacheza bendera ikishushwa? Mbona huyu dada amesimama vizuri?"

"Kosa ni langu, afande, sina cha kujitetea." Sauti aliipaza makusudi, bodaboda na muuza karanga wote wasikie. "Huyu ni mjukuu wangu. Nilikuwa sijawahi kumshika."

Prudencia akaweka mfuko wa dagaa chini, hapo hapo vumbini, akaanza kufungua kifuani fundo la kitenge alichombebea mtoto.