Lebo Moja Iliyobaki

Glory alikuwa mjukuu wangu. Nilimlea tangu ana miezi saba, mama yake alipofariki. Alikuwa fundi nguo hapa Mlalo. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu utoto, akipanda kutoka sokoni lazima akae chini mara tatu, lakini akishafika kwenye cherehani humuoni kama anaumwa.

Mwezi wa pili lebo zake zilifika na basi kutoka Dar es Salaam. Zimefumwa kwa nyuzi, laini, upana wa vidole viwili. Hazikuwa na jina wala herufi. Nusu duara nyekundu, mstari mweusi, na kimraba kidogo cha njano, basi. Alizichora mwenyewe. Aliniambia kwamba miaka mia iliyopita, huko Ulaya, walikuwepo wachoraji waliochoka kuchora watu na maua, wakaanza kuchora duara, mraba na mstari tu, na watu wakapenda.

"Hata watoto wa chekechea huchora hivyo," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakupa wewe uzishone, mke mwenzangu. Darasa lako la tatu linatosha."

Ndivyo tulivyotaniana. Babu yake, enzi za uhai wake, alimwita "mke wangu", basi mimi na yeye tukawa wake wenza.

Kabla hajamaliza kazi, hospitali ya Dar ikamwita, zamu yake ya kupasuliwa moyo imefika. Akaniachia magauni ishirini na tatu ya wateja, na moja lake, la kijani. Akasema, "Bibi, lebo nyuma ya shingo. Mishono midogo, usivute uzi."

Nilishona siku nne, kwa mkono, mlangoni penye mwanga. Jumatano binti yangu Yusta, aliyekwenda naye Dar, akanipigia ile simu ya kuonana. Glory alikuwa kitandani, amevaa nguo za hospitali.

"Shikamoo bibi. Nionyeshe kazi."

Nikamnyooshea gauni moja. Akasogeza uso kwenye simu. Nikamnyooshea la pili.

"Bibi! Umepindua jua!"

"Jua lipi? Mimi nimeona bakuli."

"Bakuli?"

"Si hili hapa, na mdomo wake mweusi. Na kipande cha ugali kinaning'inia juu."

Alicheka mpaka nesi akaja kumtazama. Kumbe ile nusu duara ilitakiwa ikae juu ya mstari, jua linachomoza nyuma ya mlima, na chini yake shamba la njano.

"Yote umeshona hivyo?"

"Yote."

"Na langu?"

"Na lako."

"Basi fumua hayo ya watu. Langu usiliguse. Nikirudi nitafumua mwenyewe, nikuonyeshe jua linavyokaa."

Nikafumua ishirini na tatu, nikashona upya. La kijani nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ijumaa walimpasua. Hakuamka.

Jumapili wakamleta. Jumatatu asubuhi wanawake wa usharika walikuwa chumbani wakimvalisha, mimi nimeketi kwenye kigoda. Nje kwaya ilishaanza, mchungaji anasubiri. Hakuna aliyeniuliza nguo. Yusta alichukua ile iliyokuwa karibu, ya nyuma ya mlango. Walipomwinua kichwa kuweka mto nikaiona lebo shingoni. Bakuli.

"Nipeni sindano na mkasi," nikasema.

Mama Jenoveva, kiongozi wa akina mama, akanishika bega. "Mama, unataka nini?"

"Lebo imepinduka. Niigeuze."

Wakatazamana. Yusta akasema polepole, "Mama, nguo haishonwi mwilini."

Mwiko huo niliwafundisha mimi. Glory akikimbilia shule kifungo kimekatika, ananipa mgongo, bibi nishonee upesi. Nami nasema, vua kwanza, nguo haishonwi mwilini. Analia kwamba atachelewa. Anavua.

"Basi mvueni," nikasema.

"Mama, mikono imeshakakamaa. Tumehangaika nusu saa kumvalisha."

"Kufumua je? Kufumua si kushona."

Mama Jenoveva akanipa mkasi. Nikakata mishono ya pembe zote nne, na ilikuwa yangu, midogo kama alivyoagiza, ikabidi niitafute kwa kucha. Lebo ikaachia. Nikaigeuza, jua juu, shamba chini. Nikailaza pale pale nyuma ya shingo, nikashusha kola juu yake, nao wakamlaza mtoto taratibu.

"Mwenyewe ulisema utanionyesha," nikamwambia. Yusta akatoka nje.

Makaburi yetu yako chini, unateremka matuta saba, na mvua ilikuwa imenyesha. Silvano, kijana wa jirani, na wenzake walibeba jeneza. Kila wakishuka tuta linainama mbele, kisha linakaa sawa, kisha linainama tena. Nilitembea pembeni nimeshika ubao wake.

"Polepole, wanangu. Msiliinamishe."

"Usiogope, bibi," akasema Silvano. "Tumelishika."

Nilijua wamelishika. Nilikuwa nawaza ile lebo, haina hata mshono mmoja.