Kufuli la Kibanda cha Siwatu

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya mkono wa marehemu mke wangu, Siwatu. Mkono wa kulia, ule wa mabaka meupe, ambao Bwana Afya wa kata alisema utaambukiza wateja, akakitia kufuli kibanda chake cha wali. Siwatu alikufa kufuli likiwa mlangoni.

Humo ndani ya mkono kuna mtaa. Akina mama wamechuchumaa, kila mmoja na sufuria yake, wanapika rangi ya ngozi. Mara wanaingia mgambo, wanapiga masufuria mateke. Rangi inamwagika. Mtaa unabaki mweupe.

"Nyie, hawa wamekosa nini?"

"Wageni," anasema mkubwa wao.

"Wageni! Si wamezaliwa humu humu?"

"Mzee, sisi askari wa mwili. Kazi yetu kufukuza vijidudu. Leo hatukuona hata kimoja, tukaona tusirudi mikono mitupu."

"Nani kawatuma?"

"Amri kidogo ilitoka kwa bibi yake Siwatu mzaa mama, kidogo kwa babu mzaa baba. Iliyobaki hatujui. Hata wakubwa hawajui."

"Hawajui, na kibanda wamefunga!"

Nageuka, nipo ofisi ya kata. Bwana Afya anahesabu watu kwa chaki. Kila akifika wa mia, anampaka baka shingoni.

"Nafuata takwimu," anasema. "Kwenye mia, kama mmoja hivi."

"Na wanaokaa naye jirani?"

"Hao hawapati kwake. Ugonjwa huu hauambukizi."

"Sema tena, kufuli lisikie!"

Kufuli limening'inia kifuani pake kama tai, linapiga miayo. Navua shati mbele ya ofisi nzima.

"Nimekula na Siwatu sahani moja. Nimelala naye kitanda kimoja mpaka namzika. Haya, nitafuteni baka!"

Kufuli linanikagua mgongo, linanikagua na makwapa.

"Hana," linasema. "Bosi, sasa mimi miaka yote nalinda nini?"

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi. Na nimechoka." Likafunguka lenyewe, likaniangukia mkononi.

Nikaamka. Kiganja changu chekundu kwa kutu.

Dirishani anaita jirani yangu, Mama Kibibi: "Shemeji! Shemeji Mshihiri! Mlango wa kibanda cha marehemu uko wazi, na wali unachemka jikoni. Nani anapika?"

Nilichukua sahani yetu, nikatoka hivyo hivyo kwenda kibandani, kifua wazi, nikapitia mbele ya ofisi ya kata.