Keki za Juni

Nilikuwa naitoa keki kwenye sinia polepole, kona zisimeguke, LaVonne aliposema bila kuinua macho kwenye mfuko wake wa krimu, "Wendell, umesikia? Bosi hataki tuandike oda yoyote ya Juni."

"Nimesikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema keki bado ya moto. Usiipake."

Akacheka puani, akaendelea kuchora maua ukingoni mwa keki nyingine. Mimi huoka, yeye hupamba. Hatukufundishwa na mtu. Tulijifunza kwa kuharibu.

Klabu tuliyofanyia kazi ilikuwa ghala la kuuzia bidhaa, pembeni mwa mji wa migodi ya chuma, kaskazini mwa Minnesota. Mtu hulipia kadi ya mwaka, kisha hununua vitu kwa katoni, kwa bei ya kukaribia jumla. Mwenye mali alikuwa kampuni ya Bradwell, yenye maduka ya nguo na vyombo karibu kila jimbo. Mwaka huo, theluji ilipoanza kuyeyuka, Bradwell walitangaza kwamba wanatafakari hatima ya klabu zao zote. Hawakuongeza neno. Lakini mji wetu unalijua hilo neno "kutafakari". Wenye migodi nao waliwahi kutafakari, na mashimo yao leo ni maziwa ya kuvulia samaki.

Curtis, meneja wetu, alituambia kwamba mwisho wa Mei wangekuja wageni kutoka makao makuu, na kitu cha kwanza wangetazama ni wanachama waliolipia kadi upya. Tawi lenye wachache ndilo lingefungwa mwanzo. Sasa nani atalipia mwaka mzima kwenye duka lisilojua kama litaiona Krismasi? Watu wakaamua kungoja waone. Kungoja kwao ndiko kulikokuwa kunatumaliza.

Simlaumu Curtis kwa kukataza oda. Hakutaka kuahidi keki ambayo huenda isingekuwa na oveni. Lakini Juni ni mwezi wa mahafali. Kila nyumba yenye kijana anayemaliza shule hutoa gari gereji, hufagia, huazima meza za kanisani, na mji mzima hutembea gereji hadi gereji ukila mikate ya nyama ya kusaga. Kwetu mtoto hajamaliza shule mpaka jina lake liliwe kwenye keki.

Keki yangu ilikuwa imepoa Tekla Rukavina alipoegemea kaunta. Huyu ni mjane wa mchimba madini, na watoto wake wote wakubwa tuliwaandika majina sisi.

"LaVonne, shoga, nimebakiwa na Darrin tu. Nataka ile kubwa, Jumamosi ya kwanza ya Juni. Mtakuwepo lakini?"

LaVonne akanitazama. Mimi nikaitazama oveni.

"Kama duka litakuwepo, sijui," LaVonne akasema. "Keki itakuwepo. Wakituzimia oveni, mimi na Wendell tutaoka jikoni kwa Walutheri."

Hilo nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. "Kwenye oveni ya kanisa sinia hili haliingii," nikasema.

"Utaoka nusu mbili, niziunge kwa krimu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Nyinyi wawili mlioana lini?" Tekla akauliza, na kicheko chake kikafika kwenye majokofu ya nyama.

LaVonne akaandika oda, kisha akaiangalia kadi ya Tekla. "Shoga, kadi inaisha Mei. Juni mlangoni hawatakuruhusu."

"Nilipie mwaka kwa keki moja?"

"Na karatasi za chooni, kwa jinsi Darrin anavyokula."

"Na wakifunga?"

"Curtis anasema watarudisha pesa ya miezi iliyobaki. Na keki nitakuletea mwenyewe mpaka gereji."

Tekla akaondoka akinung'unika, ila alielekea dawati la kadi. Kesho yake alikuja wifi yake, akafuatwa na majirani. LaVonne aliwaambia wote yaleyale, hata lile la kwamba hajui kama duka litakuwepo. Oda akazibana kwa pini ukutani nyuma yake, waziwazi.

Wageni walipobakiza siku moja kufika, Curtis aliingia jikoni kwetu. Akausoma ukuta.

"LaVonne, nilisema nini?"

"Ulisema nisiandike oda za Juni, mwanangu."

"Na hizi?"

"Oda za Juni."

LaVonne akafuta mikono, akaanza kufungua fundo la aproni, kama mtu aliyekwisha kuambiwa aende. Anailisha familia yake peke yake.

"Wiki nzima kuna foleni pale kwenye kadi," Curtis akasema taratibu. "Nilidhani mashine imeharibika." Akagusa oda mojawapo. "Hawa wamelipia?"

"Wote," nikasema.

"Sasa hao wakubwa nitawaambia nini?"

"Waambie watu wanatarajia kuwa hapa Juni," LaVonne akasema. "Watatufunga au hawatatufunga, lakini hilo ni kweli."

Curtis akakaa juu ya gunia la unga, na suti yake nyeusi. "Binti yangu Britta naye anamaliza. Mama yake kila siku ananikumbusha niagize keki. Nikaogopa."

"Ulimwogopa nani, wewe si ndiye bosi?" LaVonne alikuwa ameshalirudisha fundo mahali pake. "Chokoleti au vanila?"

"Vanila. Na kesho nataka nyingine, ya kuwapa wageni na kahawa. Mnaweza kuiandika majina ya hawa watoto wote?"

"Herufi zitakuwa kama sisimizi, lakini zitaenea."

Basi nikaoka, na ilipopoa LaVonne akaipaka krimu nyeupe mpaka ikawa kama uwanja wa shule wenye theluji. Kisha akachanganya rangi ya shule, damu ya mzee. Curtis akachungulia bakuli.

"Mbona hii ni waridi?"

"Iache ilale, itakolea yenyewe."

"Ongeza rangi kidogo basi."

"Nikiongeza leo, kesho itakuwa chungu mdomoni. Nenda nyumbani, bosi."

Akaenda. Nikafunika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu, nikaiingiza keki kwenye jokofu, nyeupe, bila jina hata moja. LaVonne akaosha bomba zake nyembamba za kuandikia, akazipanga kwenye taulo zikauke.

"Tunaanza na nani asubuhi?" nikamuuliza.

"Darrin. Mama yake ndiye aliyeanza kelele."

Nikatoa siagi ya kesho kwenye jokofu ilainike.