Msimamizi wa Fabiola

Jumamosi hiyo, mafundisho ya kipaimara yalipokwisha, katekista Sylvesta alimwambia Wilhelmina jambo lililomkata maini: Fabiola amekwisha kuchagua msimamizi wake, mtu mzima wa kusimama naye mbele ya askofu siku ya kipaimara, naye ni Vailet mwenye duka.

"Vailet yupi?" aliuliza Wilhelmina, utadhani Maisaka nzima imejaa kina Vailet.

"Huyu huyu wa sabuni na mafuta ya taa. Hata mimi nimeshangaa, Mama Valence. Nilijua ni wewe."

Wilhelmina akashika njia ya nyumbani, hajui anatembea au anaburutwa. Jumuiya yao ilipoomba wanawake wajitolee kuwa karibu na watoto wanaoshinda peke yao, yeye ndiye aliyepewa Fabiola. Mama wa mtoto alikwenda zake Singida, asirudi. Baba yake, Xavery, ni dereva wa lori. Leo yuko Kateshi, kesho Mungu ndiye ajuaye. Wilhelmina alimsuka mtoto nywele, akamfundisha rozari, wakapukuchua mahindi pamoja wakitaniana. Sasa kosa liko wapi? Au alimchosha kwa sala? Au ni ule ugali wa mtama? Kila alilokumbuka lilikuwa jema, na hilo ndilo lililozidi kumvuruga.

Alimkuta Fabiola jikoni kwake, anachochea moto.

"Shikamoo, Mama Valence."

"Marahaba. Nasikia umepata msimamizi."

"Ndiyo. Yule wa dukani."

"Jina lake la ubatizo unalijua?"

"Silijui. Hata pipi ya nyongeza hajawahi kunipa, bahili yule!" Mtoto akacheka.

"Sasa mbona umemchagua? Mimi nimekukosea nini, mwanangu?"

Fabiola akaacha kuni, akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Si katekista alisema mzazi haruhusiwi kumsimamia mtoto wake? Nikasema basi, nichukue mtu yeyote tu."

Wilhelmina akainama, akazisogeza kuni motoni. Amwambie kweli, kwamba yeye si mzazi wake, anaruhusiwa? Angemwekea mkono begani mbele ya askofu, lakini angekuwa amemnyang'anya mama. Anyamaze? Huko Singida yuko mwanamke aliyembeba mtoto huyu tumboni. Kunyamaza si kumwibia? Akamwomba Mungu neno moja tu, Mungu naye akamwachia mwenyewe.

"Nimefanya vibaya?" sauti ya Fabiola ilikuwa imeshuka.

"Hapana." Lilimtoka kabla hajajua anakana lipi. "Hapana. Ila huyo wa dukani twende tukamsalimie, ajue anasimama na mtoto wa nani."

Fabiola akaruka kutafuta viatu vyake. Wilhelmina akabaki ameshika mlango, anajiuliza wakifika pale dukani, Vailet akiuliza, atajitaja kuwa ni nani wa mtoto huyu.