Geji Haisemi Uongo

Buldoza lilifuka mvuke kama sufuria, lakini bosi alishikilia lake: "Geji inasema injini ni baridi. Kazi iendelee!"

Fundi, mama mtu mzima asiyependa ubishi, akasonya na kuizima. Ilipopoa alifungua kihisi joto, akakiacha kwenye waya wake, akawasha swichi na kukitumbukiza kwenye chai ya bosi iliyotoka kuchemka sasa hivi. Mshale wa geji haukutikisika.

"Umeona, bosi? Kihisi kimekufa."

"Nimeona. Mmeniletea chai baridi tena!"

Akanyakua kikombe, akapiga funda kubwa. Machozi yakamtoka. Akaitazama geji, kisha akautoa nje ulimi wake mwekundu.

"Fundi, hebu ukague na huu. Umeharibika."